Asilimia Tatu ya Ukweli

12 Novemba 2024, Jumanne. Makanyagio

Leo nimeuza nyumba nikiwa nafua shuka. Nyumba iko Hispania, mimi niko uani hapa mtaani Makanyagio, Mpanda, simu juu ya karai lililogeuzwa. Aliyetia sahihi kwa niaba yangu ni Séverin, Mrundi niliyechuma naye nyanya miaka mingi kwenye mabanda ya plastiki ya Almería. Saa saba mchana akaandika: "Dada Josephina, imekwisha. Picha nakutumia." Nikamalizia kusuuza.

Nilinunua mwaka 2007 kwa euro elfu sitini na mbili. Mwaka ule kule kila mtu alikuwa ananunua nyumba, hata sisi tuliokuwa tunalipwa kwa kreti. Nimeuza kwa elfu arobaini na moja. Benki imechukua mkopo wake uliobaki, walioshughulikia wamechukua chao, mimi nimebaki na euro mia nne na sabini.

Na kitu kimoja tena. Mnunuzi amekata asilimia tatu ya bei, euro elfu moja mia mbili na thelathini, ataipeleka ofisi ya kodi. Ndiyo sheria yao kwa muuzaji asiyeishi kule: wanashika kwanza, wasije wakahangaika kumtafuta mtu Mpanda. Ukiwa umepata faida, wanakata kodi humo. Ukiwa umepata hasara, unathibitisha hasara yako, wanakurudishia.

Sijawahi kuombwa kuthibitisha hasara. Kwenye ukoo wetu huwa inaonekana yenyewe.

Daftari hili nimelinunua kwa Shadia, mwenye steshenari kona ya mtaa wetu. Ameniuliza kama ninaandika mapenzi. Nimemwambia ndiyo, na serikali.

13 Novemba

Kaka Evodi amepiga simu kutoka kijijini kwetu Usevya.

"Nyumba yetu imeuzwa?"

Anasema yetu, na ana haki. Ule mwaka 2007 nilimwambia nikikosa kianzio nyumba inanipita. Akauza majaruba matatu ya mpunga, yale ya bondeni ambayo marehemu baba aliinua matuta yake kwa jembe la mkono. Alimuuzia Ngusa, Msukuma aliyehamia kwetu na ng'ombe wake. Nikamwahidi Evodi: nyumba ni yetu sote, siku ikiuzwa tunakomboa majaruba ya baba na chenji inabaki.

"Imeuzwa, kaka."

"Hela je?"

Jibu la kweli nilikuwa nalo. Nililiona kabisa, likapita.

"Serikali ya kule imezuia. Mambo ya kodi."

"Kodi. Hata kule?"

"Hata kule."

"Basi pole sana, mdogo wangu. Tutasubiri."

Ukiangalia vizuri sikusema uongo. Nilisema asilimia tatu ya ukweli.

20 Novemba

Mvua ya kwanza. Bati linavuja palepale pa mwaka jana.

1 Desemba, Jumapili

Habari imefika kanisani kabla yangu. Kina mama watatu wamenishika mkono mlangoni. "Tumesikia Wazungu wamekuzuilia mamilioni." Nikainamisha kichwa kwa namna ambayo si kukubali wala kukataa. Nimeizoea sasa.

Hapa mjini ukisema umepata hasara watu wanatafuta ulipokosea. Ukisema kodi, unakuwa ndugu yao. Jioni Shadia ameniletea migebuka kutoka kwao Karema na amekataa hela. "Wewe na mimi tuna adui mmoja," amesema. Nimekaanga, nimekula. Samaki watamu. Nimeshindwa kumaliza.

12 Desemba

Mnunuzi alipewa mwezi mmoja kupeleka ile asilimia tatu. Amepeleka, na Séverin amenitumia risiti, fomu namba 211. Sasa zamu yangu: fomu 210, miezi mitatu kuanzia leo. Mwisho 12 Machi. Baada ya hapo hela inakuwa ya mfalme wao.

Wanachotaka: hiyo risiti, hati ya kuuzia, na hati ya kununulia ya 2007. Na uwe umelipa kodi ya kila mwaka ya nyumba unayoiacha tupu. Kule ukiwa na nyumba na huishi ndani, serikali inakadiria raha ambayo ungeipata kama ungekuwemo, na raha hiyo inaitoza kodi. Nimelipia raha hiyo tangu nirudi, mwaka mzima nikiwa Makanyagio nakinga maji ya bati.

Shida ni hati ya kununulia. Iko Usevya. Nilipokuja likizo mwaka 2009 nilimkabidhi Evodi aitunze, kwa kuwa nyumba ni yetu. Akaweka kurasa zote sandukuni isipokuwa moja, ambayo aliitia fremu ya kioo na kuitundika sebuleni kati ya Moyo Mtakatifu na picha ya harusi yake. Hakuchagua ukurasa wa kwanza. Alichagua ukurasa wenye bei, maana Kihispania hakijui ila tarakimu anazijua. Mgeni akifika Usevya hapewi kiti kabla ya kuonyeshwa 62.000.

14 Desemba

Nimemuuliza Séverin kama nakala haipatikani kwa yule mwanasheria aliyeiandika. Amenijibu kwa sauti, kwa Kiswahili cha kwao Burundi: "Inapatikana, dada, lakini bahitaji mwenye mali mwenyewe. Barua uliniachia ni ya kuuza tu, haisemi kuchukua makaratasi ya zamani. Si uko na kaka yako? Mwambie atume. Shida iko wapi?"

Séverin anadhani karatasi ni karatasi.

25 Desemba

Evodi kwenye simu: "Krismasi ijayo tutakula mchele wa majaruba yetu." Nikasema amina. Krismasi hii nimetumia neno takatifu vibaya.

9 Januari 2025

Mvua.

10 Januari

Mvua.

16 Januari

Mvua. Séverin: "Dada, hati?" Nimemjibu njia imeharibika. Njia haijaharibika. Nimeona basi la Usevya likiondoka na watu wamekaa kwa nafasi.

25 Januari, Jumamosi. Usevya

Nimekuja jana. Njia nzima ya hifadhini madirisha yamefungwa kwa ajili ya ndorobo, na mimi nimejifunika khanga nikifanya mazoezi. "Kaka, nina jambo." "Kaka, kaa chini." "Kaka, ile nyumba." Ndorobo mmoja aliyepenya amesikia habari yote na ameniuma hata hivyo.

Nikafika na kusahau kila neno. Wifi yangu Leticia alikuwa shambani na jembe la mkono, na mistari miwili mbele yake kaka, mtu wa miaka sitini na moja, naye na jembe la mkono. Zizi tupu. Majani yameota mlangoni mwa zizi.

"Maksai wako wapi?" nikauliza.

"Mimi ndiyo wa kulia," akasema Leticia. "Kaka yako wa kushoto. Plau tumeacha nyumbani, haiwezi mwendo wetu."

Maksai wako kwa Ngusa. Mwanzoni mwa Desemba Evodi alikwenda kwake kuomba majaruba. Ngusa akakubali kuyarudisha kwa bei ya sasa, kianzio kiwekwe, kinachobaki kilipwe mpunga ukishavunwa. Evodi hana hela, ana dada. Akaweka maksai wote wawili. Hela isipofika, maksai hawarudi.

"Ulaya si wataachia kabla ya mavuno?" akaniuliza, akijinyoosha mgongo kwa awamu.

Pale ndipo mahali pa kusema. Panafaa kuliko pote nilipowahi kusimama.

"Wanataka hati ya kununulia kwanza," nikasema. "Niipeleke kwenye skana Mpanda."

Uso wake ukafunguka. Akanawa mikono na matope ya miguu, akaingia ndani, akaiteremsha fremu mwenyewe. Ukutani pakabaki doa jeupe lenye pembe nne. Akaifunga ndani ya khanga ya Leticia, akaja na kurasa nyingine kutoka sandukuni.

"Karatasi hii haitembei bila mimi," akasema. "Jumatatu tunaondoka wote."

Nimejitolea kulima mchana wote. Malengelenge manne. Leticia ameyatazama. "Nyanya za kule zinalimwa na nini?" ameuliza.

27 Januari, Jumatatu. Makanyagio

Nitaandika kama ilivyokuwa, nisijipunguzie.

Nilikuwa na mpango. Kumfikisha Evodi mlangoni kwa Shadia, kumtuma mgahawani akaniagizie chai, na yeye akirudi makaratasi yawe yameshapita. Alisema chai tutakunywa tukimaliza. Akakaa kwenye benchi la wateja, fremu mapajani, akaifungua kwa kisu kidogo, misumari akaihifadhi mdomoni.

Hati ya kuuzia nilikuwa nimemtumia Shadia kwa simu, ameshaichapa. Yeye hajui lolote. Anajua tu kwamba serikali ni adui. Akalaza kurasa mbili mezani.

"Dada Josephina, ipi inatangulia? Hii ya sitini na mbili elfu au hii ya arobaini na moja?"

Evodi akatoa misumari mdomoni. Akavaa miwani. Akaweka kidole kwenye ukurasa wake, akakiweka kwenye ule mwingine, akakirudisha.

"Arobaini na moja ni ya lini?"

"Ya Novemba, kaka."

"Sitini na mbili ndiyo ya zamani."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo serikali imezuia ngapi?"

"Asilimia tatu."

"Ya ipi?"

"Ya ndogo."

Akamwomba Shadia penseli. Akapiga hesabu pembezoni mwa gazeti la zamani, taratibu, anasogeza midomo. Shadia akawa na kazi nyingi sana kwenye kabati lililo nyuma yake.

"Na nyingine?"

"Benki. Nilikuwa nalipa riba zaidi ya nyumba. Miaka kumi na saba nalipa."

"Na ulijua lini?"

"Siku ileile uliponipigia."

Akakunja miwani. Nilitegemea maneno ya baba, yale ya ukali. Angeniita jina lolote ningeitika. Alisema tu:

"Ungeniambia Novemba, ningekuwa nimelima."

Kisha akafungua kitambaa chake na kumlipa Shadia. Nikasema kaka, acha, mimi. Akasema, "Karatasi mimi ndiye niliyeileta." Akarudisha ukurasa kwenye fremu, akapiga misumari kwa mpini wa kisu, akaifunga kwenye khanga. Basi la saa nane akapanda. Hakunywa chai.

Shadia alisubiri mpaka basi lipotee. "Wale migebuka," akasema, "ulikula vizuri?"

28 Januari

Sijatoka ndani.

29 Januari

Nimetoka. Bora ningekaa ndani. Mama mmoja wa kanisani amenipa pole ya kodi.

1 Februari, Jumamosi. Usevya

Nimekwenda kwa Ngusa moja kwa moja, sikupitia nyumbani. Miaka kumi na saba nimemfikiria huyu mtu kama aliyetuibia ardhi. Leo njiani nimejaribu kukumbuka alichoiba. Aliombwa anunue, akanunua, akalipa siku hiyohiyo. Katika hadithi yote ya nyumba yangu ni yeye peke yake aliyelipa kwa wakati.

Alikuwa anasuka kamba. Yeye Msukuma, mimi Mpimbwe, tunaitana watani, kwa hiyo salamu zetu si za heshima.

"Mtani," akasema, "umekuja kununua au kuuza? Ukoo wenu kuuza mnajua. Kununua ndiko kunawatesa."

"Nimekuja kuomba maksai wa kaka."

"Kianzio hakirudi. Hata huko kwenu Ulaya, mtu akishindwa mkataba harudishiwi."

"Wanarudisha," nikasema. "Ukithibitisha hasara."

Alicheka mpaka akavua kofia. Mkewe akatoka jikoni kuangalia kuna nini. Alipotulia akaniangalia vizuri, akaona sikucheka.

"Haya, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Thibitisha."

Nikathibitisha, pale chini kwenye gogo. Bei ya kununua, bei ya kuuza, riba, asilimia tatu, kaka na jembe la mkono. Akasuka kamba muda wote.

"Jumatatu wanawake wanaanza kupandikiza mpunga kwenye majaruba ya baba yako," akasema. "Utaingia mstarini siku tano. Na kila siku utawasimulia hiyo nyumba, kuanzia kununua hadi kuuza, bila kupunguza. Siku ya tano unachukua maksai. Hiyo ndiyo faini ya mtani."

"Huwezi kunitoza hela tu?"

"Hela huna. Umenithibitishia sasa hivi."

3 Februari

Matope hadi magotini, matope ya kwetu. Wanawake kumi na wanne. Nimesimulia kwa sauti ya chini. Ngusa akiwa kwenye tuta: "Mtani, wa mwisho hawasikii."

4 Februari

Wamecheka penye raha inayotozwa kodi. Wameomba nirudie.

5 Februari

Mgongo. Leo aliyekuwa kushoto kwangu, Glory, ameuliza swali ambalo wengine hawakuuliza: "Nyumba yenyewe ilikuwaje?" Nikamwambia. Vyumba viwili, dirisha moja linalotazama ukuta, na vigae vya jikoni vyenye maua ya bluu. Niliwahi kukaa jikoni Jumapili nzima kuvitazama. Hili sikuwahi kumwambia mtu, hata Evodi. Yeye nilikuwa nimemwambia kuna bustani.

6 Februari

Wamenipa jina la Asilimia. Naitika.

7 Februari, Ijumaa

Leo kwenye tuta, pembeni ya Ngusa, alikuwa amesimama kaka. Sijui aliitwa au alikuja. Nikapata kigugumizi. Glory akasema pole pole, "Endelea, dada, umefika kwenye benki." Nikaendelea. Nilisema na lile neno la Novemba, "serikali imezuia," na kwa nini nililisema. Sio kwa sababu ya hela. Nilitaka nibaki mtu wa Ulaya japo mwezi mmoja zaidi. Hakuna aliyecheka hapo.

Nilipoinua kichwa kaka alishaondoka.

Ngusa alinipa kamba aliyokuwa akiisuka na nikawaongoza maksai mwenyewe, kupita sokoni, maana ndiyo njia iliyopo. Evodi alipokea kamba mlangoni mwa zizi. Akawapapasa masikio mmoja mmoja. Mimi hakunitazama. Leticia akaegemeza jembe ukutani.

"Mimi nimestaafu," akasema.

Mahindi yamechelewa. Alizeti bado inawahi.

17 Februari. Makanyagio

Fomu inataka akaunti, na lazima jina langu liwemo. Séverin anasema jina la pili linaruhusiwa. Nilimpigia Evodi, nikamwambia nataka tufungue ya pamoja, hela isitoke bila sahihi mbili. Akauliza, "Ni ngapi zile?" Anajua ni ngapi. Nikamtajia. "Nakuja," akasema.

Pale benki binti wa kaunta akauliza ujumbe wa hela kuingia uende simu ya nani.

"Yake," nikasema.

Evodi akamtajia namba, tarakimu moja moja.

20 Februari

Fomu imekwenda. Kuna kisanduku cha hasara. Kinapokea tarakimu tu, hakina mahali pa kuandika ni ya nani. Séverin anasema wana miezi kadhaa ya kujibu, tusihesabu.

12 Machi

Siku ya mwisho imepita na sisi tulishapita. Mvua kubwa. Nimehamisha kitanda.

2 Aprili

Nimemrudishia Shadia hela ya migebuka. Ameihesabu, amerudisha nusu. "Nusu ulikuwa na njaa kweli," amesema.

18 Mei

Usevya wanavuna. Leticia amesema kwenye simu kuwa mistari yangu kwa Ngusa inajulikana, imepinda kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Lakini imezaa.

Nikamuuliza fremu iko wapi. Iko sandukuni. Kwenye msumari wake sebuleni Evodi ametundika kamba ya maksai. Wageni wanaonyeshwa kamba.

8 Juni, Jumapili

Vumbi limerudi. Séverin ameandika jana kwamba ofisi ya kodi imeanza kuwarudishia watu wa Februari, wengine wamepata, wengine bado. Nimekaa na habari hiyo usiku na ibada nzima. Ujumbe hauji kwangu. Mchana nimepiga.

Mazungumzo yetu siku hizi ni mafupi. Alizeti ni nzuri. Leticia hajambo. Ngusa amenisalimia, anauliza Asilimia anakuja lini kuvuna alichopanda. Kisha nikauliza.

"Kaka, ile hela ya Hispania imeingia?"

Nyuma yake nilisikia watu wanapiga mpunga, pigo, pigo.

"Serikali ya kule imezuia," akasema Evodi. "Mambo ya kodi."

Nilisikiliza kama anacheka. Nilibana pumzi nisikilize vizuri. Sikuweza kujua.

"Basi tutasubiri," nikasema.

"Pole sana, mdogo wangu," akasema, akakata simu.